Mgiriki wa Maweni

Ukuta wa shule ulikuwa wa futi kumi na nane
na mwalimu mkuu, Bwana Tsofa, alitaka useme kitu.
Nilichora ramani, nikachora moyo na mishipa yake,
jedwali la kuzidisha hadi kumi na mbili.
Ikabaki nafasi juu ya bomba la maji.
"Hapo," akasema, "weka neno la hekima."

Hekima sikuwa nayo. Nilikuwa na brashi mbili,
debe la buluu lililoanza kuganda,
na sauti ya mama, Nyevu, muuza muhogo wa kukaanga
pale njia panda ya Maweni:

"Mchungulia chungu cha jirani, chake huungulia."

Bwana Tsofa alisoma, akarudi nyuma hatua tatu, akasoma tena.
"Tamu. Nani kasema?"
"Mama yangu."
Akacheka kwa adabu, kama mtu anayekataa chai.
"Fundi, huu ni ukuta wa serikali.
Mkaguzi akija nimwambie nini? Tafuta mtu."

Nikamtafuta. Nilimpata kwenye ncha ya brashi,
mzee wa mbali, asiyedai ndugu wala matanga:
Mwanafalsafa wa Uyunani.
Nikalipwa. Nikanunua bati mbili.

Neno likatoroka shule.
Nililikuta nyuma ya tuktuk, limebanwa na namba ya gari.
Nililisikia harusini Muyeye, mshenga akiapa ni la wahenga.
Diwani alilimwaga sokoni, akasema ni methali ya Kichina,
watu wakapiga makofi hadi Uchina.
Kisha likapigwa chapa kwenye leso, njano kwa nyeusi,
na mama akanunua doti moja, akajifunga,
yeye asiyejua kusoma,
alipenda tu ule mji wa korosho.

Mwaka huu Kalama, kitindamimba wangu,
alirudi na karatasi ya mtihani. Swali la tisa:
Ni nani aliyesema maneno haya?
Alikuwa ameandika: Hawe.
Juu yake kosa jekundu, refu, kama mkwaruzo wa paka.
"Baba, si ni Hawe? Si husema kila siku?"

Nikamshika mkono hadi jikoni kwa mama.
Nikaungama yote: ukuta, Mgiriki, zile bati mbili.
Mama akapuliza kuni, hakugeuka.

"Mimi? Sikusema mimi.
Haluwa ndiye aliyenisema. Tulipakana meko.
Siku hiyo nilikodolea wateja wake,
nahesabu shilingi zisizo zangu,
moshi ukanipanda puani, muhogo mkaa mtupu.
Akanipigia ukelele huohuo mbele za watu, anacheka, anashika mbavu.
Miaka miwili sikumpa salamu.
Halafu nikalizoea. Nikawa nawapigia ninyi.
Tusi likikaa sana nyumbani mwaja kula nalo sinia moja."

"Haluwa yuko wapi?"
"Mambrui. Chini. Hata kibao hana."

Kalama akaitazama karatasi yake.
"Sasa niandike nani?"
"Andika huyo Mgiriki," mama akasema, "upewe alama yako.
Haluwa hakuwahi kudai hata pesa ya muhogo."

Jumamosi nilirudi ukutani na kopo dogo la rangi.
Bwana Tsofa alishastaafu, hapakuwa na wa kuniuliza.
Mgiriki alikuwapo, buluu yake imechujuka,
bomba limemchirizia kutu ndevuni, kama angekuwa na ndevu.
Sikumfuta. Amekaa sana, ana wanafunzi.
Nikapiga magoti chini yake, kwa herufi za kimo cha mbuzi:

Haluwa, muuza muhogo. Alikuwa akicheka.

Rangi haijakauka, akaja mtoto kunywa maji,
akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi,
mdomo ukimdondoka matone.
"Fundi," akaniuliza,
"huyu ndiye mkewe yule Mgiriki?"